Alikaa Benchi, Hakulala

Juzi kinyozini jamaa mmoja, tena kavaa jezi ya Eagles, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Philadelphia, anasema Doug Pederson, kocha aliyewapa kombe mwaka 2018, alibahatisha tu. “Mtu kacheza benchi, atamfundisha nani?” Nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni. Hapa hakuna wembe.

Pederson alikuwa kwotabeki wa akiba, yaani naibu wa mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Kwani huyo analipwa kufanya nini? Kupasha benchi joto, eti. Wiki nzima anakariri mbinu zilezile za nyota, huku akijua Jumapili huenda asiguse mpira. Mazoezini anaigiza kwotabeki wa wapinzani ili mabeki wa timu yake wamzoee, kwa hiyo anazisoma timu mbili wakati mwenzake anaisoma moja. Mtu mwenye mkono wa Brett Favre, nyota wa Green Bay, akikosea hesabu, pasi inaweza kufika bado. Pederson hakuwa na mkono huo. Pale Green Bay, akiwa akiba wa Favre, alikuwa akiingia, anapiga goti, anamshikia mpiga teke mpira, anarudi pembeni kutazama. Asiye na kipaji cha kumwokoa hana budi kuuelewa mchezo.

Alipotoka chuo hakuna timu iliyomchagua. Mwaka 1993 Dan Marino, nyota wa Miami, yuko nje, Scott Mitchell aliyeshika nafasi yake naye akaumia, Miami wakamwingiza Pederson, na kocha wao Don Shula akaondoka Philadelphia na ushindi wake wa 325, rekodi ya ligi. Mwaka 1999 mji huohuo ukamzomea kwa kuanzishwa na Eagles badala ya chipukizi wao Donovan McNabb. Alipostaafu akaenda kufundisha watoto wa sekondari Shreveport, Louisiana. Miaka minne! Nitajieni nyota angekubali.

Halafu ikaja Februari 4, 2018, fainali ya ligi, Super Bowl, Pederson akiwa kocha wa Eagles. Kwotabeki wake Carson Wentz ana goti bovu, kwa hiyo anacheza Nick Foles, wa akiba pia. Zimebaki sekunde 38 kwenda mapumziko, jaribio la nne na la mwisho, yadi moja kufika mstari wa kufungia, Eagles wanaongoza Patriots 15–12. Waoga wanapiga teke wanachukua pointi tatu zao. Foles anasogea pembeni, anapendekeza mchezo, Pederson anatafakari kidogo, anakubali. Corey Clement anadaka, anampa Trey Burton, Burton anamrushia Foles aliyesahaulika pembeni, anafunga. Mwisho 41–33. Na mratibu wa mashambulizi alikuwa Frank Reich, kwotabeki wa akiba wa zamani nyuma ya Jim Kelly, nyota wa Buffalo, yule aliyewatoa Buffalo nyuma 35–3 dhidi ya Houston mpaka wakashinda. Wana-benchi watatu, kombe moja.

Haya, Reich alipokuja kuwa kocha mkuu Carolina aliporomoka. Pederson naye Philadelphia walimtimua Januari 2021, na msimu wa 4–13 (ushindi nne, vipigo 13) kule Jacksonville, alikofundisha baadaye, sina namna ya kuutetea. Ila Januari 2023 Jacksonville hiyohiyo ilikuwa nyuma 27–0 mbele ya Chargers. Pasi nne za kwotabeki wake kijana, Trevor Lawrence, zilikuwa zimenaswa na wapinzani kabla ya mapumziko. Pederson akamwacha aendelee kurusha, wakashinda 31–30. Kocha aliyezoea kushangiliwa tangu utotoni angekuwa na subira hiyo na kijana wa watu? Sidhani.