Tozo ya moshi London: nani alikuwa akilipa kabla yake?

Tangu Agosti 29, 2023, mwenye gari lisilokidhi viwango vya moshi hulipa pauni 12.50 kila siku anapoliendesha karibu kona yoyote ya London. Kabla ya hapo tozo hii, ULEZ, iliishia maeneo ya ndani ya jiji. Wapinzani wanasema Meya Sadiq Khan anawakamua wananchi, na kauli hiyo imeshika kiasi kwamba hoja ya upande wa pili haisikiki.

Malalamiko yao yana uzito. Siku ya tozo huanza na kuisha saa sita usiku. Muuguzi anayeingia zamu saa mbili usiku kwa dizeli yake ya zamani na kurudi nyumbani asubuhi anadaiwa mara mbili, pauni 25 kwa zamu moja. Fidia ya kupeleka gari skrepa, hadi pauni 2,000, ilifunguliwa kwa wakazi wote siku nane tu kabla ya tozo kupanuliwa. Awali ilikuwa ya makundi machache. Hapo meya alichelewa, na chama chake cha Labour kilionja hasira za watu katika jimbo la Uxbridge, magharibi mwa London, mwezi Julai, kiliposhindwa uchaguzi mdogo kwa kura 495.

Lakini dai la kukamua halisimami. Tozo ya kujaza hazina hutaka walipaji waongezeke. Hii walipaji wake wanakwisha: Juni 2022, asilimia 85 ya magari katika mitaa ya nje yalikuwa yanakidhi viwango, ripoti ya jiji ya Machi 2025 inataja takriban asilimia 97 kwa London nzima. Gari la petroli la 2006 kwa kawaida linapita bila kulipa. Anayebanwa hasa ni mwenye dizeli ya kabla ya 2015. Na wazo lenyewe lilipitishwa na Boris Johnson wa Conservative alipokuwa meya.

Je, hewa imesafika? Ripoti hiyo inasema naitrojeni dioksaidi, gesi chafu ya moshi wa magari, kandokando ya barabara ni pungufu kwa asilimia 27 kuliko ambavyo ingekuwa bila tozo. Hayo ni makadirio. Wapinzani hushika utafiti wa Imperial College wa 2021, uliokuta upungufu usiofika asilimia 3. Ila watafiti hao walipima wiki chache kabla na baada ya tozo kuanza mwaka 2019, wakati madereva wengi walikuwa wamekwisha kubadilisha magari kwa kuijua tarehe. Utafiti ni sahihi kwa swali lake. Haupimi mabadiliko ya miaka.

Nikisikia pauni 12.50, namfikiria Ella Adoo-Kissi-Debrah. Aliishi Lewisham, mita kama 25 kutoka barabara ya South Circular, ambako malori na magari hupita usiku na mchana. Pumu ilimwanza mwaka 2010. Katika miaka mitatu alilazwa karibu mara 30, akafariki Februari 2013, akiwa na miaka tisa. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukugusa hewa. Mama yake, Rosamund, hakukubali. Alidai mwingine, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow akaamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha mtoto huyo. Akaongeza kwamba mama hakuwahi kupewa taarifa kuhusu hewa ile, taarifa ambazo zingeweza kumfanya achukue hatua.

Nalikazia hilo kwa sababu mjadala mzima huendeshwa kana kwamba kabla ya tozo moshi ulikuwa bure. Haukuwa bure, bili ilikwenda wodini. Na zaidi ya kaya nne katika kila kumi London hazina gari kabisa. Hao wanavuta moshi wa wengine, na hakuna aliyewaandalia fidia ya pauni 2,000.

Kwa hiyo muuguzi yule ana haki ya kurekebishiwa. Jiji linaweza kuhesabu saa 24 tangu gari linaponaswa na kamera mara ya kwanza, badala ya kusubiri saa sita usiku. Hilo ni badiliko la kanuni, na halihitaji kuifuta tozo ili lifanyike.