Gari la Porini Linalosubiri Kompyuta

Kuna video inazunguka kwenye magrupu wiki hii, na sidhani kama kuna mtu hajatumiwa. Kijana kasimama kituo cha mafuta, ubavuni mwake shangingi jipya, Land Cruiser, limeng'arishwa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Nyuma inaingia Land Rover 109, ile ndefu ya zamani. Imebeba magunia ya viazi, madumu, kuku, na abiria waliokaa juu ya magunia. Kijana anageuza simu, anacheka: mikweche hii serikali iiondoe barabarani, inatutia aibu. Watu wameshangilia chini ya video kana kwamba kavumbua kitu.

Hela zake sina ugomvi nazo, Mungu amzidishie. Kilichonichefua ni kwamba anaamini, kutoka moyoni, kuwa kati ya yale magari mawili gumu ni lile alilolisimamia yeye.

Wengi mnaobishana Toyota na Land Rover kila Jumamosi jioni hamtaki kukumbuka kwamba magari haya yote yalizaliwa kwenye dhiki. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey huko Wales, na jipu ya Willys, yaani Jeep ya jeshi la Marekani, iliyobaki baada ya vita. Jipu ilikuwa inamfia, na hakukuwa na gari la Kiingereza la kuziba pengo lake. Basi mwaka 1947 kampuni ikaanza kuunda la kwake. Chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, aluminiamu ilikuwepo, kwa hiyo bodi ikawa ya aluminiamu. Hela ya mashine kubwa za kukunjia mabati haikuwepo, ndiyo maana ubavu wa Land Rover umenyooka kama mlango wa stoo. Mnamo tarehe 30 Aprili 1948 ikaonyeshwa Amsterdam, na wenyewe waliiona kama kazi ya kusukumia siku mpaka magari yao ya kistaarabu yaanze kuuzika tena. Ile ya kusukumia siku ikatengenezwa karibu miaka 70.

Toyota nao hivyo hivyo. Mwaka 1951, vita vya Korea vikiwa vimepamba moto, waliunda jipu yao ya BJ, wakachukua chesisi ya lori dogo na kuipachika injini ya lori kubwa. Wakaipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, polisi wa Japani wakaona, wakaagiza. Jina la Jeep lilikuwa na wenyewe, kwa hiyo mwaka 1954 ikaitwa Land Cruiser, jina lililochaguliwa makusudi lisionekane dogo mbele ya Land Rover. Kwa hiyo hata hilo shangingi, kijana, jina lake limetokana na wivu kwa huo mkweche.

Sasa nimeze kidonge kichungu kabla hamjaja kunisimanga: Toyota walishinda, na walistahili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Land Cruiser zilipelekwa Australia kwenye mradi wa umeme wa milima ya Snowy, mahali ambapo Land Rover zilishatangulia, na huko ndiko dunia ilipoanza kuona kwamba ekseli za Mwingereza zinakatika mahali ambapo za Mjapani zinapita. Waingereza walikuwa na muda wa kujirekebisha. Wakautumia kugombana ndani ya British Leyland, kampuni iliyokuja kuimeza Rover. Hapa kwetu mzee yeyote aliyefanya kazi serikalini anakumbuka enzi ambazo mkuu wa wilaya, bwana mifugo, polisi na padri wote walipanda Land Rover. Spea zikawa za kubahatisha, Toyota wakaja na spea zao kwenye kila mji wenye benki, na mkonga ukachukua nchi. Mkonga wenyewe, yaani ile Land Cruiser ya 70 iliyotoka mwaka 1984, bado unatengenezwa, na ule wenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila takataka juu yake, mimi nauvulia kofia. Nimesema mara moja, sirudii.

Lakini hebu tazameni kilichoshinda ni kitu gani. Mkonga ulishinda kwa sababu uliendelea kuwa kile ambacho 109 ilikuwa: chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi juu yake, ekseli nzima mbele na nyuma, pampu ya dizeli inayozungushwa na gia za injini yenyewe, na fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kuufungua chini ya mwembe. Lile linalong'aa kwenye video halikushinda chochote. Limerithi jina.

Mimi ni wa Land Rover Defender 110, yenye injini ya dizeli ya 300Tdi, na sitawadanganya kuhusu starehe. Mwenye 110 anajua kwamba mvua inaingia kutokea sehemu ambazo hazina hata tundu. Anajua kuendesha kiwiko kikiwa nje, kwa sababu kiti kimesogezwa ukutani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Maongezi yanaishia kilomita 60 kwa saa, zaidi ya hapo mnapigiana kelele. Utani wa oili nao naujua wote: kwamba ikiacha kuvuja ujue imeisha, kwamba inaweka alama ya mipaka yake. Chekeni. Mke wangu tukisafiri kwenda kwao Kondoa anauliza kwanza tunaenda na gari gani, na jibu likiwa baya anakata tiketi ya basi. Tumekutana huko mara kadhaa, yeye kaoga na kala, mimi ndiyo naingia na vumbi kwenye kope.

Na chesisi. Hapa watu wa Tanga na Dar nisikilizeni. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo muuzaji atakugongea mlango kwa vidole akuonyeshe ulivyo mzima. Mwache agonge. Wewe vaa nguo chakavu, ingia uvunguni na nyundo ndogo, anza kugonga chesisi kuanzia nyuma, maana hiyo ni chuma na chumvi ya pwani inaila ikiwa imenyamaza. Mahali aluminiamu inapogusana na chuma nako huwa panafanya unga mweupe. Ukiuona mwingi, msalimie muuzaji kwa heshima uondoke.

Sasa nije kwenye kinachonichoma.

Injini ya 300Tdi haina kompyuta ya kuamua iishi au ife. Ikishawaka, umeme pekee inaouhitaji ni waya mmoja unaoshika valvu ya kuzimia kwenye pampu. Mmoja. Kwenye njia ya Simanjiro unaweza kuunguza kila kitu, taa, honi, dashibodi yote, ukavuta waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye hiyo valvu, ukafika Orkesumet kabla ya chakula cha usiku. Mafundi wa Mererani wanajua hili kama wanavyojua majina ya watoto wao. Bushi zikiisha wanazichonga kutoka kwenye tairi la lori. Feni belti ikikatika, kuna ya gari lingine itakayokubali ikibembelezwa. Mlango uking'oka, boliti zinaonekana, unaufunga. Watu wanadhani wachimbaji wanazipenda Land Rover kwa sababu ya ushamba wa hela ya tanzanite. Wanazipenda kwa sababu zikifa Mererani, zinafufukia Mererani.

Shemeji yangu ana gari la kisasa la porini, chapa siitaji, maana lawama zitahamia huko badala ya kukaa kwenye hoja. Lina kitufe cha mchanga, cha tope, cha mawe, nadhani na cha huzuni. Tulikuwa kwenye msiba Kiteto, tunarudi, nje kidogo ya Kibaya ikawaka taa ya manjano. Gari halikuzima. Lingezima ningeliheshimu. Lilijipunguzia nguvu lenyewe, likatembea kama limekatazwa na daktari, mpaka likasimama kabisa. Fundi wa Kibaya akaja, mzee mmoja mtulivu, mikono imeungua imepona. Akafungua boneti, akakuta mfuniko wa plastiki. Akaufungua, chini yake kuna mfuniko mwingine. Akanawa mikono, akatuambia: "Wanangu, mimi hili silijui, na nikiligusa nitawaongezea gharama. Lina lugha yake."

Tulilala pale. Kesho yake likabebwa juu ya lori mpaka Dodoma kwenye mashine ya kusomea. Mashine ikasoma: sensa. Kidude kama kifuniko cha soda kimeamua kwamba injini nzima, nzima kabisa, haina ruhusa ya kufanya kazi. Kikaagizwa, tukasubiri. Bei yake siitaji, naistahi nyumba ya watu.

Yule mzee wa Kibaya ndiye anayeniumiza mpaka leo. Mtu ambaye ameshusha gia boksi usiku kwa mwanga wa kibatari, ambaye anaweza kukusikilizia difu, zile gia za kwenye ekseli, na kukuambia ni jino gani limekula, amesimamishwa mbele ya boneti kama mgeni. Na hakuwa amekosa ujuzi. Alikosa ruhusa. Magari haya yanatengenezwa hivyo kwa makusudi: pampu za dizeli za presha ya zaidi ya bar 1,000 ambazo tone la maji au dizeli ya dumuni linaziua, springi za upepo zinazolala chini kama ng'ombe aliyechoka, chujio la masizi ambalo watu wananunua gari Japani halafu kazi ya kwanza wakifika ni kutafuta wa kulitoboa. Kule yalikotengenezwa fundi mwenye mashine yuko umbali wa nusu saa. Hapa yanafika yakiwa na umri wa kwenda shule, dhamana iliisha zamani, na tunayapeleka Loliondo kwa sababu tangazo lilionyesha yakiruka mto.

Najua mtaniambia hewa chafu. Kweli, 109 inatoa moshi kama tanuri la mkaa, na sina la kujitetea. Mtaniambia usalama. Kweli pia: hakuna mifuko ya hewa, breki ni za kuziomba mapema, na abiria juu ya magunia ni jambo ambalo trafiki akilikamata atakuwa na haki. Hayo ni makosa, yasemwe. Ila aliyekaa juu ya gunia hakukaa pale kwa kupenda upepo. Huko anakotoka masika ikianza basi haliendi, na shangingi linaenda mara moja kila miaka mitano na bendera mbele.

Gharama za hayo mashangingi, kwa wanaoyalipia bila kuyapanda, ni makala nyingine na nahitaji kupima presha kwanza. Magari meupe ya mashirika, mengi yakipitia Gibraltar kuandaliwa kabla ya kuletwa, ndiyo yamebaki na injini rahisi, kwa hiyo wanaokuja kutusaidia wanajua wanachokifanya kuliko sisi tunaosaidiwa. Na yupo tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, ambaye Defender ya zamani ilipokoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, aliikumbuka mpaka akaamua kuunda gari linalofanana nayo, akalitia injini ya BMW. Sijui kama anacheka au analia.

Defender mpya iliyotoka mwaka 2019 mimi nimeiendesha, ya mtu. Inapita mahali ambapo 110 ingeniomba nishuke nikatie majani chini ya matairi. Tulivu, baridi, viti vya kulalia. Haina tena chesisi ya ngazi, bodi yote ni kitu kimoja, inatengenezwa Nitra, Slovakia. Gari zuri sana. Nikiulizwa ni gari la kwenda nalo wapi, nasema popote palipo na mtandao wa simu.

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kwa ajili ya tamasha, za kila umri, zimepakwa rangi, zimepanga foleni, watu wanapiga nazo picha. Wengine walikuja kwa mzaha. Nilichokiona mimi ni magari yaliyozidi umri wa madereva wake, yameingia mjini kwa miguu yake yenyewe, wala si mgongoni mwa lori. Sidhani kama hayo mapya, yakiwa na umri huo, yataweza hata kuwashwa. Nani atakuwa bado anatengeneza hiyo sensa? Nani atakuwa na programu ya kuisoma?

Kuna jambo moja zaidi ambalo kijana wa video hajaambiwa. Marekani gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lao haliingii kirahisi mpaka litimize miaka 25. Wenye hela zao huhesabu miaka, ikitimia wanazifuata Defender za zamani Ulaya na kwingineko, wanazisafisha, na kuziuza kwa bei ambayo ingemnunulia yeye shangingi lake na chenji ibaki. Kwa hiyo akikutana tena na yule mzee wa viazi pale kituoni, aache kucheka, amwamkie, amuulize kistaarabu ile 109 anaiuza shilingi ngapi. Jibu atakalopewa alirekodi vilevile, atutumie kwenye grupu.