Si kila wimbo wa roki umeibwa jamani

Kwakweli inanikera, mtu akisikia gita limefanana sekunde chache tu tayari "wameiba hawa!" Hivi mnajua ule mwanzo wa wimbo Stairway to Heaven wa bendi ya Led Zeppelin, zile sauti zinazoshuka taratibu moja baada ya nyingine, wanamuziki walikuwa wanazitumia mamia ya miaka kabla hata ya gita la umeme? Bendi ya Spirit wana wimbo wao Taurus wa 1968 na ndiyo zinafanana, sikatai, kesi ikaunguruma Los Angeles 2016 baraza la wazee wa mahakama likasema hapana, Led Zeppelin hawajaiba, rufaa 2020 ikabaki vilevile, ila watu bado wezi wezi tu.

Sasa melodi yenyewe ikifuatana mwanzo mwisho hapo ni kitu kingine. George Harrison wa The Beatles na wimbo wake My Sweet Lord, jaji 1976 alisema kaichukua melodi ya He's So Fine ya kundi la The Chiffons bila kukusudia, ilikuwa imemkaa kichwani. Hiyo naielewa kabisa. Ndo maana nasema sikiliza wimbo mzima, fuata melodi, sio unadaka kipande cha gita halafu unamchafulia mtu jina lake.