Faluda Iliyogoma Kuganda

Nilijitakia mwenyewe. Tulikuwa barazani Makorora, Tanga, watu sita, kahawa na kashata, tunagawana mizigo ya shughuli ya rafiki yetu: mchele nani, nyama nani, maturubai nani. Ilipofika zamu ya kitu kitamu cha kushushia pilau, wote wakasema halua. Mimi, ambaye siku tatu kabla nilikuwa nimetazama video moja kwenye simu mpaka bando likakata, nikadakia: "Halua kila mtu analeta. Niachieni mimi. Nitapika faluda ya machungwa, ile ya kukatwa kwa kisu. Ngamiani nzima hawajaionja."

Bwana harusi akanitazama. "Wewe umewahi kuipika?"

"Kwani wewe umewahi kuoa?"

Baraza likaanguka kicheko, nikapewa kazi. Jibu tamu limeniponza mara nyingi, lakini lile limevunja rekodi.

Mkesha wa harusi nikaamkia sokoni, nikachukua machungwa 200 ya Muheza. Anayelijua chungwa la Muheza anajua hali yake: limeiva, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, sukari tupu, lakini ganda bado kijani, maana usiku wa huku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Yule mpishi wa kwenye video machungwa yake yaling'aa kama jua la magharibi, naye alikwangua maganda ndani ya mchanganyiko "ili upate harufu na rangi". Nami nikakwangua. Machungwa 30. Harufu ilikuja, sikatai. Na rangi ikaja: rangi ya dimbwi la nyuma ya gereji.

Mama alikuwa uani anapeta mchele. Mimi jikoni nimeinjika lita nane za maziwa, sukari, iliki, na chainagrasi, ule uzi mweupe wa kugandishia, wa kwenye vipakiti, vyote vinatokota.

"We mwana, hayo maziwa bado yako motoni?"

"Ndiyo, mama."

"Na hilo jagi?"

"Maji ya machungwa. Na ndimu kidogo, ili ichangamke."

Ungo ukasimama. "Ndimu. Kwenye maziwa ya moto."

"Mama, kuna video."

Nikamimina. Kwa muda kama wa kusema bismillahi hapakutokea kitu, nikamgeukia mama kwa ushindi. Nilipotazama tena, pembeni mwa sufuria pameanza kutokea vitonge vyeupe, kimoja, viwili, kumi, halafu vyote kwa mpigo. Mabonge yakahamia upande wao, maji ya kijani upande wao, kama ndugu waliogombea kiwanja cha urithi. Nikakoroga kuwapatanisha. Ndiyo kwanza wakazidi kuachana.

"Koroga, baba, koroga," mama akasema. "Labda watasameheana."

(Yale mabonge hakuyatupa. Aliyafunga kwenye kitambaa, akayakamua, akayakaanga na sukari na iliki, akawaandalia majirani kwa chai. Mpaka leo wanamuuliza lini atapika tena.)

Yalibaki machungwa 100 na saa chache. Nikaamua: maziwa basi, nitapika maji ya machungwa matupu. Nikayatia sufuriani na chainagrasi, na ndimu 30, kwa sababu akili yangu ilikuwa bado kwenye kuchangamka. Ile rangi ya dimbwi nikaitibu kwa rangi ya chakula, mkono ukateleza, ikawa rangi ya rifleksa ya bodaboda. Nikachemsha nusu saa nzima ili uzi uyeyuke vizuri, nikagawa kwenye masinia sita, nikaenda kulala kama mtu aliyefaulu mtihani.

Saa nane za usiku nikaiendea na tochi ya simu. Nikaigusa. Kidole kikazama hadi kwenye pete.

Kesho yake mpishi wa pilau, mzee aliyezeekea kwenye masufuria ya shughuli, alinieleza bila hata kuinua macho. Chainagrasi inatokana na mwani, akasema. Unaichemsha na maji matupu mpaka uzi uishe, unaepua, ndipo unatia maji ya tunda. Ukiichemsha pamoja na ndimu, ule ukali unaikata nguvu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kitu chenyewe kikipoa tu kinaganda, hata pasipo friji. Ingekuwa inahitaji friji ningesingizia umeme.

Lakini hayo niliyajua nikiwa nimeshafika. Kabla yake kulikuwa na safari ya bajaji kutoka Makorora mpaka Barabara ya 12, masinia matatu mapajani na matatu kwenye kiti. Tuta la kwanza, wimbi. Tuta la pili, dereva akageuka kujifuta shingo.

"Bosi, si ulisema hii imeganda?"

"Inagandia njiani."

Bwana harusi mwenyewe akaja kunipokea, kanzu nyeupe inameta, akashika sinia kwa mbele, mimi kwa nyuma, na mimi ndiye niliyejikwaa. Doa likamkaa kifuani, kubwa kama sahani ya kikombe. Kanzu ya akiba hakuna, mpiga picha anaita. Kwenye kila picha ya siku ile rafiki yangu ameweka mkono moyoni. Ukweni walisema hawajaona kijana mwenye mahaba kama yule.

Masinia yakaingizwa kwa wanawake. Bibi wa bi harusi akachovya kijiko, akakiinua, akatazama kinavyotiririka, akaagiza niitwe mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, hii inaliwa au inanyweka?"

"Vyovyote upendavyo, bibi."

"Basi leta vikombe."

Ikaisha yote. Watoto walitembea na ndimi za rangi ya rifleksa mpaka magharibi.

Asubuhi iliyofuata simu ikaita. Ni yule wa bajaji. "Bosi, sisimizi wamekuja na familia zao. Wamo mpaka kwenye usukani."

Nikamwomba radhi, nikamtumia 10,000 ya kuosha kiti. Baada ya muda akapiga tena.

"Imefika, ahsante. Ila nilionja ile iliyonimwagikia, tamu kweli. Inaitwaje?"

Nikamwambia sharubati.