Mama mukwe, piga teke hapo chini

Naandika hii nikiwa mu gari, mbele ya mlango wangu mwenyewe, mvua inanyesha, shofaji, ile ya kupuliza hewa ya moto mu gari, iko kwa 4 inanguruma kama ndege ya mizigo, na ndani ya nyumba hakuna hata mtu mmoja mwenye anataka kuniona. Niwaelezee, halafu mutaniambia kosa langu liko wapi.

Hii Carina yangu ni ya 1998, ilitoka Japani na usukani wake kuume, na sisi hapa Kongo tunatembelea kuume, kwa hiyo ukitaka kupita lori ku njia ya Sake lazima umuulize mwenye anakaa kushoto: "Mama, kunakuja kitu?" Akisema hakuna, unamwachia Mungu. Radio yake inaanzia 76 inaishia 90, stesheni karibu zote za hapa ziko juu ya hapo, miaka yote nasikiliza shwaaa tu. Nimezoea. Chenye sikuzoea ni feni ya shofaji.

Najua kuna mtu atasema Goma kuna baridi gani ya shofaji. Huyo hajaendesha mvua ya mwezi wa 4 na watu watano mu gari, vioo vimefungwa, kila mtu anapumua. Feni ikikufa parbrizi, kile kioo cha mbele, inakuwa nyeupe pe! kama sufuria ya bugali yenye umefunika, unaendesha kwa kukumbuka njia. Shati langu la kazi lina alama ya kioo ku mkono wa kuume mpaka leo.

Sasa ile feni ilianza kufa polepole. Kwanza spidi ya 1, ya 2 na ya 3 zikaenda, ikabaki ya 4. Mi sikuogopa, mi ni mwalimu wa fizikia, najua: ku 4 umeme inapita moja kwa moja, ku zingine inapitia rezistansi, basi rezistansi ndiyo imeungua. Nilielezea hata wanafunzi, nikachora ku ubao, vizuri kabisa. Kutengeneza ndiyo sikutengeneza, mwalimu, mushahara, hamuna haja ya maelezo. Halafu hata ya 4 ikakufa. Halafu tukagundua kama abiria akipiga teke pale chini ya kasanduku ka kuwekea karatasi, mbele ya kiti chake, feni inaamka.

Na abiria wa Jumapili ni mama mukwe.

Jumapili ile mvua ilitukutia Katindo, sioni kitu, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, imepita mbele yangu nimeiona juu ya kelele tu. Nikasema, Mama, samahani sana, pale chini ya miguu yako, naomba kidogo tu, piga teke. Kimya. Mke wangu nyuma amekohoa.

"Mukwe yangu, unasema?"

"Teke, Mama. Kwa heshima."

Mama akavuta kitenge kidogo juu, akatengeneza kiatu, akatwanga. Vuuuu! Feni ikawaka. Sikumuomba tena, lakini kuanzia siku ile kila tukisimama anatwanga, hata jua likiwaka, na kwaya yote ya mama inajua kama mukwe wake, mutu wa diplome, anamutuma kupiga gari mateke.

Kwa hiyo jana Jumamosi nikaenda ku garaji, kule Birere. Nilivaa vizuri, nikasimama kama mtu mwenye anajua, nikasema: shida ni motere ya feni, na rezistansi imekatika. Kosa. Ku garaji usiseme shida, wanaona unawanyanganya kazi. Wa kwanza akasema batri. Wa pili, mwenye alikuwa anakula mandazi, akasema ni gazi ya kupoza hewa imekwisha. Gari yangu haijawahi kuwa na gazi. Wa tatu hakuwa hata fundi, alikuja kufunga pneu ya moto yake, pikipiki, akasema hizi Carina ziko hivyo tu, uza. Nikaanza kuwaelezea sheria ya Ohm. Wallahi nilianza. Nikafika pa "kinzani" yule wa mandazi akaniuliza kama niko pasta.

Ndiyo sauti ikatoka chini ya lori ya Dyna, mtu haonekani, miguu tu: "Shaboni."

Ni Mzee mwenye garaji, na shaboni ni vile vipande vya kaboni vyenye vinapitisha umeme mu motere. Alitoka polepole, akajipangusa, akasema petit, kijana wake wa kazi, atoe kale kasanduku. Petit akatoa: asiransi yangu, vinyeti, kijiko, kiatu cha mtoto kimoja, vyote juu ya kiti mbele ya watu. Nyuma yake, upande wa kushoto, ndiyo motere inakaa, vis tatu. Mzee akachukua nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazivuta moja kwa moja kutoka batri mpaka ku motere. Kimya. Akagonga mgongo wa motere na mpini wa turnevisi, tak! Ikazunguka. Akaniangalia. "Mwalimu, umeme inafika. Motere njo haitaki mpaka ichapwe. Shaboni zimekwisha, hazigusi tena muzuri." Maneno kumi na kitu, bila Ohm.

Akatoa ile gurudumu ya feni, kama kikapu cha plastiki chenye meno meno, akaikung'uta chini. Kulitoka majani ya mukaratusi, manyoya ya panya, kipande cha asiransi ya mwaka nisioujua, na mchanga mweusi, mchanga wa volkano yetu Nyiragongo, kopo nzima. Mzee akachukua kidogo ku kidole, akausugua, akaunusa.

"Huu ni wa 2002."

Nikasema, Mzee, gari imeingia Goma 2011. 2002 ilikuwa bado kwao Japani.

"Nakwambia ni wa 2002. Wa 2021 ni mwepesi."

Sasa hapo ndiyo nilipoteza siku yangu. Yule wa mandazi akasema hapana, huo ni wa 2021, yeye alikuwa Buhene ile Jumamosi ya tarehe 22 mwezi wa 5, lava ilifika hapa na yeye alikuwa hapa, akaonyesha na viatu. Mzee akamwambia wewe 2021 ulikimbia moshi, sisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaingia mu ziwa, ikafunika kipande cha njia ya ndege, duka yangu iko pale chini, hata sasa tunaikanyaga. Mwenye moto akasema yeye 2002 alikuwa mu tumbo ya mama yake njiani kuenda Gisenyi, kule Rwanda. Mama wa mandazi akaweka beseni chini, akasema mu 2021 walipotuambia tutoke, tarehe 27, alitembea mpaka Sake na mtungi wa gazi ku kichwa, ulikuwa mtupu, mpaka leo hajui ni juu ya nini aliubeba. Hapo hata mi nikasahau gari, nikaanza kuelezea yangu, maana mi nilibeba ndoo, mke wangu alibeba pasi. Pasi! Na umeme yenyewe haikuwepo. Tuko pale wote mikono kiunoni, motere ya watu iko chini imefunguliwa tumbo, saa nzima.

Shaboni za saizi ile hazikuwepo. Mzee akaleta za mashini ya kutoboa, kubwa mara mbili, akatafuta jiwe la lava, yamejaa mu lupango, mu kiwanja chake, akaanza kuzisugua pale juu, taratibu, anasugua, anapima, anapuliza, anasugua. Vidole vyake vikawa vyeusi mpaka kucha. Zikaingia mu nyumba yake kama zilizaliwa humo. Kazi ile ilikuwa nzuri, lazima niseme.

Rezistansi alitaka kuifunga na waya tu, aruke ile fizibu (fyuzi) yake ndogo. Hapo nilikataa kabisa. Motere ikikaza inavuta umeme mingi, ile fizibu ndiyo inakatika mbele gari haijawaka moto, na mi nalaza gari ukutani kwa nyumba ya mbao. Ya okazio, yenye ilishatumika, walisema dola 15. Nikasema tubaki na ya 4 yetu.

Kulipa sasa. Noti yangu ya dola 20 iko na kapasuko kadogo, kadogo kama kope, mnajua imerudi. Nikamupigia mke wangu, kelele, Dyna inawashwa, rezo inakata, nikalia: "Mama Furaha, SHABONI ZIMEKWISHA, nitumie pesa!"

"Zimekwisha?! Gunia yote?"

"Zimekwisha kabisa! Fundi amezipima!"

Rezo ikakata. Dakika tano pesa ikaingia ku simu. Nilishangaa, mke wangu hajawahi kukubali pesa ya gari hivi. Nilimsifu hata mbele ya Mzee. Nilipa, nikarudi napiga mluzi, ananipokea ku mlango anaangalia nyuma yangu, anaangalia ku kofa, kule nyuma kwa mizigo.

"Makala iko wapi?"

Bandugu. Kwake shaboni ni makala, makaa ya kupikia. Jana tulikula mikate. Leo nikasema nitajirekebisha, nitapeleka mama mukwe ku misa na feni mpya. Akaingia na ile boubou yake nyeupe ya dantela. Nikasema, Mama, leo hakuna teke, angalia mwenyewe. Nikaweka 4.

Kumbe mchanga mwingine ulibaki mu matundu.

Sitaki kueleza zaidi. Wako ndani wote wawili wanafua, jirani anakaanga samaki ya sambaza, harufu inaingia mpaka huku, na mafuta ya gari iko karibu ku E. Parbrizi lakini iko safi, naona mpaka ku barabara. Mtoto wa jirani amegonga kioo anataka kuchaji simu, umeme haijarudi tangu Ijumaa. Nimemwambia aingie upande wa kushoto, ila miguu asiweke pale chini.