Si kila aliyerudiwa na saratani amebakiza miezi tu
Eti saratani ya matiti ikirudi na kusambaa, mgonjwa kabakiza miezi tu? Mwandishi aliyedai hivyo kawatia wagonjwa wote kapu moja. Dada yangu ilimrudia kwenye mifupa na huu ni mwaka wa 6: anameza vidonge vya kuzuia homoni, anapigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, na kutugombeza hajaacha. Hajapona, hilo tunalijua, imetulizwa tu. Inategemea imefika wapi, maana mifupa si sawa na ini au ubongo, na ni ya aina gani. Ile ya HER2, yenye protini nyingi inayoifanya ikue haraka, ilikuwa ikiua haraka kabla ya trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyo, kuidhinishwa Marekani mwaka 1998. Wenzangu, saratani iliporudi, madaktari walichukua tena kinyama wakakipima kuona ni ya aina gani? Kwetu ilibidi tuulize wenyewe.