Walimcheka mzee Scott

Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani, mkuu wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, alikuwa Winfield Scott: mzee wa miaka 74, mnene, mgonjwa wa jongo, hata farasi hapandi tena. Alitaka manowari zifunge pwani yote ya Kusini, majimbo yaliyojitenga, kisha jeshi literemke na mto Mississippi hadi baharini, waasi wakatwe vipande viwili na kuminywa polepole. Magazeti yakamfanyia dhihaka, mpango ukabatizwa Anakonda, jina la nyoka anayeua kwa kuminya. Watu walitaka Richmond, mji mkuu wa waasi, utekwe, tena upesi. Wakaifuata, na Julai 21 walichapwa Bull Run, Virginia, wakarudi Washington mbio.

Mimi niko upande wa mzee. Wanaombeza wana hoja moja nzito: mzingiro ulivuja. Ni kweli, pwani ilizidi kilomita 5,600, na meli nyembamba za mvuke kutoka Nassau na Bermuda, visiwani mwa Waingereza, zilipenya usiku, taa zimezimwa. Lakini meli ya kukwepa doria haina nafasi. Nahodha anapakia bunduki, halafu anaongeza hariri na pombe, maana ndiko kuliko na faida. Reli za treni nani atazibeba? Na pamba, tegemeo la Kusini kwa fedha za kigeni, nyingi ilikwama nchini. Serikali ya Kusini ikachapa noti ovyo, bei zikapaa. Aprili 1863 wanawake wa Richmond wakavunja maduka wakidai mkate.

Alipokosea Scott ni kudhani damu itamwagika kidogo. Mto haukukatwa kwa subira tu. New Orleans ilitekwa 1862, ila Vicksburg, ngome ya waasi kando ya Mississippi, iligoma, na Grant, jenerali wa Muungano, alipigana mara kadhaa kabla ya kuuzingira mji huo kwa siku 47. Wakazi walihamia mapangoni, wakala nyama ya nyumbu. Karatasi zilipokwisha, gazeti la mji likachapwa nyuma ya karatasi za kupambia kuta. Toleo la Julai 2, 1863 lilimkejeli Grant, eti anataka kula mlo wake Vicksburg tarehe 4: ukitaka kupika sungura, mkamate kwanza.

Tarehe 4 mji ukasalimu amri. Askari wa Muungano walizikuta herufi za chapa bado zimepangwa mtamboni. Wakaongeza aya moja chini, kwamba sungura ameshakamatwa, wakachapa.